Gari Likitetemeka, Lisikilize Kabla ya Kulifungua

UMETOKA Lodwar alfajiri, kabla jua halijaanza kuchoma. Land Cruiser yako ya zamani imebeba magunia ya unga, abiria sita na mzee mmoja mgonjwa anayerudishwa nyumbani kutoka hospitalini. Lami ni laini, hakuna gari mbele yako, nawe unaongeza mwendo. Kilomita 50 kwa saa, kimya. Kilomita 60, kimya. Mshale unapofika 70 unasikia mngurumo mdogo chini ya kiti, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Kufikia 80, kioo cha kutazamia nyuma kinacheza hata huoni kilichoko nyuma yako. Unapunguza mwendo, na mngurumo unaisha. Unajiambia: "Nitaenda polepole tu. Kakuma tutafika."

Msomaji, ikiwa umewahi kujiambia maneno hayo, basi makala haya ni yako. Gari halitetemeki bure. Linajaribu kukuambia jambo, na jambo hilo mara nyingi ni dogo na la bei nafuu likisikilizwa mapema. Likipuuzwa, huweza kuangusha chuma kizito barabarani gari likiwa katika mwendo wa kasi, na hapo hakuna atakayekuuliza bei ya spea.

Barabara iliyokuwa ikificha ugonjwa

Pengine utauliza: kwa nini malalamiko haya yasikike sasa, ilhali magari haya ya fowili draivu yamekuwa Turkana miaka na miaka?

Sababu moja ni barabara yenyewe. Barabara ya kutoka Kitale hadi Lodwar ilitiwa lami katika miaka ya 1980 kwa msaada wa serikali ya Norway. Baadaye iliachwa hadi mashimo yakawa mengi kuliko lami, na madereva wakazoea kuendesha kando yake, mchangani. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, na shughuli za kupeleka chakula cha msaada Sudan kupitia Lokichoggio zikiwa zimepamba moto, malori na magari ya mashirika yaliongezeka mno. Dereva aliyepita huko wakati huo alirushwa kuanzia mwanzo wa safari hadi mwisho. Nani angejua kama mtetemo ulitoka kwenye gari au kwenye mawimbi ya changarawe?

Mwaka 2015, Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 500 za Marekani kwa mradi wa kuboresha njia hii kuelekea mpaka wa Sudan Kusini. Leo safari ya Lodwar hadi Kakuma, takriban kilomita 120, ni ya lami. Gari lililokuwa likitambaa kwa kilomita 30 kwa saa sasa hukimbizwa 80 au 100. Ugonjwa uliokuwa umejificha ndani ya vumbi umejitokeza hadharani.

Isitoshe, mengi ya magari haya ni wazee. Aina ya Land Cruiser inayopendwa sana huku, ile ya mfululizo wa 70, ilianza kutengenezwa mwaka 1984. Gari huanza maisha yake katika shirika au ofisi, huuzwa kwa mnada likichoka, kisha huanza maisha ya pili kwa mfanyabiashara. Likifika kwako, si ajabu limekwisha kufunguliwa na mafundi kumi.

Swali moja la mzee

Rafiki yangu mmoja anayefanya biashara kati ya Lodwar na Kakuma aliwahi kuteseka kwa jambo hili. Gari lake lilianza kutetemeka lifikapo kilomita 70. Aliambiwa ni matairi, akanunua mawili mapya. Likatetemeka. Akaambiwa ni viungo vya propela. Akaagiza viwili kutoka Kitale, karibu kilomita 300 kutoka Lodwar, akangoja siku tatu, vikafungwa. Likatetemeka vile vile. Alipoambiwa sasa anunue propela nzima, mfuko ulikuwa umekauka.

Ndipo akapelekwa kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa akifanya kazi chini ya mti wa mgunga. Mzee hakushika spana. Aliuliza swali moja tu: "Kijana wangu, ilianza lini?"

Rafiki yangu akafikiri. "Mzee, ilianza wiki ile nilipobadilisha klachi."

Yule mzee aliingia chini ya gari, akafuta matope kwenye propela kwa kitambaa, akacheka. Ili kuifikia klachi, propela lazima ifunguliwe. Waliofanya kazi hiyo waliitenganisha vipande viwili, kisha wakairudisha bila ya kutazama alama. Vipande vilikuwa vimepishana. Mzee alivitenganisha, akavilinganisha, akavirudisha. Kazi haikufika saa moja. Mtetemo ulikwisha siku hiyo hiyo.

Fedha za matairi na za viungo hazikurudi. Rafiki yangu hakukosa fedha wala fundi. Alichokosa ni mtu wa kuuliza maswali kabla ya kununua spea. Basi na tujifunze maswali hayo.

Propela hufanya kazi gani?

Kwanza tufahamu kilicho chini ya gari. Injini huzungusha giaboksi. Giaboksi huzungusha transifa, yaani kile kisanduku kinachogawa nguvu kwenda mbele na nyuma. Kutoka kwenye transifa, propela moja huenda kwenye difu ya nyuma na nyingine kwenye difu ya mbele. Propela ni bomba la chuma linalozunguka kwa kasi. Katikati lina sehemu inayorefuka na kufupika, kwa sababu ekseli hupanda na kushuka kila gari linapokanyaga shimo.

Kwenye kila mwisho wa propela kuna kiungo chenye umbo la msalaba ambacho mafundi wetu hukiita spaida. Msalaba huo una miguu minne, na kila mguu umevikwa kikombe kidogo chenye beringi nyembamba kama sindano. Si uvumbuzi wa jana. Mwingereza Robert Hooke alikieleza kiungo cha namna hii katika karne ya 17, na mwaka 1903 Mmarekani Clarence Spicer alipewa haki ya ubunifu kwa ajili ya kiungo kama hicho cha kutumiwa katika magari.

Spaida ina tabia moja ambayo kila mwenye gari apaswa kuijua. Propela ikiinama, spaida moja haipitishi mwendo ulio sawa. Katika kila mzunguko, upande wa pili huharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Mwinamo ukiwa nyuzi 10, tofauti hiyo ni kama asilimia moja na nusu juu na chini. Ndiyo maana spaida huwa mbili: ya pili husawazisha kile ambacho ya kwanza imevuruga.

Wafikirie akina mama wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Huyu akiinua mchi, yule anashusha, na kazi inakwenda kwa mapigo mazuri. Wakikosana mapigo, michi inagongana. Propela iliyorudishwa vipande vikiwa vimepishana ni sawa na akina mama hao waliokosana mapigo, na wewe uliyeketi juu ndiwe unayesikia michi ikigongana.

Usianze na spana

Sasa mtetemo umekujia. Kabla ya kumwita fundi, jiulize maswali matatu.

La kwanza ni lile la mzee: ulianza lini? Ikiwa ulianza baada ya kubadilisha klachi, kuongeza majani ya springi, kuvuka laga au kubadilisha matairi, basi anza kutafuta hapo hapo.

La pili: unausikia wapi? Ukiusikia mikononi, kwenye usukani, shuku magurudumu ya mbele na viungo vya usukani. Ukiusikia kwenye kiti na sakafu, shuku magurudumu ya nyuma au propela.

La tatu: ni mtetemo wa namna gani? Hapa hesabu kidogo itatusaidia. Gari lenye matairi ya kimo cha kawaida cha Land Cruiser likienda kilomita 80 kwa saa, gurudumu huzunguka kama mara 9 kwa sekunde. Propela ya gari hilo hilo huzunguka kama mara 36 kwa sekunde, kwa kuwa difu nyingi za aina hii hupunguza mwendo mara nne hivi. Kwa hiyo gurudumu bovu hutikisa. Unaweza karibu kuyahesabu mapigo yake. Propela mbovu hunguruma kama wale nyuki wetu ndani ya debe.

Kisha fanya jaribio la barabarani. Tafuta mahali palipo wazi na pameenda sawa, pasipo na ngamia wala mbuzi karibu. Fikia mwendo ambao mtetemo hutokea. Kanyaga klachi, weka gia huru, uliache gari liserereke. Usizime injini, maana usukani utakuwa mzito na breki zitapoteza msaada wake. Mtetemo ukikoma mara injini inaposhuka mwendo, tazama injini, maunti zake na klachi. Ukiendelea vile vile gari likiserereka, injini haina hatia. Kosa liko kwenye propela au magurudumu. Na ikiwa mtetemo huja tu unapokanyaga mafuta na kupungua unapoachilia, shuku spaida, mwinamo wa difu, au maunti zilizokatika.

Osha kwanza

Jambo hili huwachekesha wengi, lakini limewaokolea watu fedha nyingi. Umevuka laga ya Kawalase pale Lodwar, au ya Tarach kule Kakuma, baada ya mvua. Matope yameingia ndani ya rimu, upande usioonekana, na jua la Turkana limeyakausha yakawa kama tofali. Nusu kilo ya tope upande mmoja wa rimu yatosha kabisa kulitikisa gari zima. Tope lililoganda kwenye propela nalo hufanya kazi hiyo hiyo.

Kwa hiyo chukua maji na kijiti. Kwangua ndani ya kila rimu na kuizunguka propela. Endesha tena. Ikiwa mtetemo umekwisha, umetengeneza gari lako kwa ndoo moja ya maji.

Usipokwisha, tazama matairi. Je, yana upepo wa kutosha? Madereva wengi hupunguza upepo ili kupita mchangani, kisha wakirudi kwenye lami husahau kuujaza. Tairi lenye upepo mdogo kwenye lami yenye joto huchemka, na nyuzi za ndani huanza kuachana. Pitisha kiganja juu ya tairi lililopoa. Ukigusa uvimbe, tairi hilo halistahili kubeba mtu. Kisha hamisha magurudumu ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele. Mtetemo ukihama nao, umempata mkosaji.

Inua kila gurudumu kwa jeki, ulishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi ya habu imelegea, au, kwa magurudumu ya mbele, kingipini imelika. Mwambie mtu azungushe usukani kidogo kulia na kushoto huku wewe ukitazama viungo vya fimbo za usukani. Gari ambalo usukani wake hupigapiga kwa nguvu mara tu baada ya kukanyaga shimo, hata dereva akalazimika karibu kusimama, mara nyingi huwa na ugonjwa wa hapo mbele, wala si wa propela.

Neno kuhusu jeki: mchanga wa Turkana huimeza. Weka ubao mpana chini yake, zuia magurudumu mengine kwa mawe, na kamwe usiingize kichwa chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Propela ipi kati ya mbili?

Ikiwa umefika hapa na bado gari linanguruma, sasa ni zamu ya propela. Lakini ni ipi, ya mbele au ya nyuma?

Land Cruiser nyingi za zamani zina habu za mbele zinazofungwa na kufunguliwa kwa mkono. Hakikisha lefa ya transifa iko kwenye magurudumu mawili, kisha fungua habu zote mbili ziwe huru. Sasa propela ya mbele haizungushwi tena. Endesha. Mtetemo ukiwa umekwisha, tatizo liko mbele. Ukiwa upo, kuna uwezekano mkubwa kwamba liko nyuma.

Land Rover za aina ya 110, zilizoanza kuuzwa mwaka 1983, na ndugu zake wa Defender waliofuata, ni tofauti. Nyingi kati ya hizo huendesha magurudumu yote manne wakati wote, kwa hiyo jaribio hilo la habu halifai kwazo.

Zima injini, zuia magurudumu kwa mawe pande zote mbili, weka gia huru, uachilie handibreki, uingie chini. Shika propela kwa mikono miwili karibu na spaida, uisukume juu na chini, kisha uisokote huku na huku. Spaida nzima haichezi hata kidogo. Ukiona pengo, au ukiona unga mwekundu kama kutu kandokando ya vikombe vyake, beringi zimekauka na kusagika. Gari lenye spaida hizo huwa limekwisha kukuonya: hulia kama panya likienda polepole, na hugonga "tang!" unapotoka gia ya nyuma kuingia ya kwanza.

Tazama pia sehemu inayoteleza katikati ya propela. Ikicheza juu na chini, meno yake yamelika. Tazama bomba lenyewe kama limebonyezwa na jiwe, na kama kuna alama ya kipande kidogo cha chuma kilichobanduka. Vipande hivyo viliwekwa kiwandani ili kuisawazisha, wala si takataka. Mwisho, jaribu bolti zote za flenji. Bolti moja iliyolegea yaweza kuwa ndiyo hadithi nzima.

Halafu tazama springi. Wafanyabiashara wetu hupenda kuongeza majani ya springi ili gari libebe zaidi. Gari huinuka, na propela huinama kuliko ilivyokusudiwa. Gari la namna hii aghalabu hunguruma likiwa tupu na kutulia likiwa na mzigo. Ukisikia hivyo, usinunue spaida. Ongea na fundi juu ya kupunguza majani, au kuweka kabari za chuma chini ya springi ili difu irudi kwenye mwinamo wake. Ukikuta bolti ya katikati ya springi imekatika na ekseli imesogea nyuma upande mmoja, umepata sababu nyingine.

Kutengeneza bila ya kuharibu

Kabla ya kufungua propela yoyote, weka alama. Tumia rangi au patasi: alama moja kwenye flenji zote mbili zinazokutana, na nyingine kwenye vipande viwili vinavyoteleza. Ukirudisha, alama zikutane. Kwa kawaida masikio ya propela ya nyuma hulingana pande zote mbili, lakini watengenezaji wengine huipanga ya mbele kwa namna yao. Kwa hiyo usikisie. Fuata alama uliyoikuta, ikiwa una hakika hakuna aliyeivuruga kabla yako.

Wakati wa kuweka spaida mpya, fundi mwema huisukuma kwa vaisi, haipigi kwa nyundo. Nyundo huangusha sindano zilizo ndani ya kikombe, na sindano moja iliyolala yatosha kuiua spaida mpya katika safari moja. Ikishaingia, ijaribu kwa mkono: igeuke kote bila ya kukwama na bila ya kucheza. Tumia bolti na nati za chuma kigumu zilizokusudiwa propela. Bolti ya kitanda au ya mlango haina kazi hapo.

Propela iliyobonyea au iliyopoteza kipande chake cha kusawazisha ipelekwe kwa karakana yenye mashine ya kusawazishia, hata kama ni Eldoret au Nairobi. Kuchomelea chuma kwa kukisia ni kuongeza ugonjwa. Hata hivyo, ikiwa tatizo ni dogo, mafundi wana ujanja mmoja wa zamani: huvalisha propela klipu ya paipu la maji, ile ya kukaza kwa bisibisi, kisha huzungusha kichwa chake kidogo kidogo na kujaribu barabarani kila mara, hadi wapate mahali ambapo mtetemo hupungua. Ni dawa ya muda, lakini husaidia.

Baada ya hapo ni grisi. Spaida yenye nipeli ipigwe grisi hadi mpya itokeze kwenye vikombe vyote vinne. Kila kilomita 5,000 ni kipimo kizuri, na mapema zaidi kwa gari la mchangani. Ukivuka maji yaliyofika kwenye propela, ipige grisi siku hiyo hiyo, kwani maji hufukuza grisi na kuacha mchanga. Kwenye sehemu inayoteleza usizidishe. Ikijaa mno propela haitaweza kufupika.

Lefa iliyosahauliwa

Kuna kosa moja ambalo limezaliwa na lami hii mpya. Dereva huingiza magurudumu manne ili kutoka mchangani, kisha hupanda lami na kusahau kurudisha lefa. Katika magari yasiyo na difu ya kati, kama Land Cruiser nyingi za zamani, propela mbili hulazimishwa kuzunguka sawasawa, ilhali kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri mbali zaidi ya ya nyuma. Mchangani tairi huteleza kidogo na kumaliza ugomvi. Kwenye lami kavu haliwezi. Usukani unakuwa mzito, gari linashikashika, na nguvu yote huishia kwenye spaida na difu. Ukigusa lami, rudisha lefa. Iwe ni desturi kama kufunga mkanda.

Ukikwama njiani

Tuseme umechelewa kusikia, na katikati ya safari, mbali na mji, kishindo kinaanza chini ya gari. Simama mara moja. Usiseme "nifike tu Kakuma." Propela ikikatika mwisho wake wa mbele, huangukia barabarani huku gari likienda. Inaweza kujichimbia ardhini na kuliinua gari, au kupiga tangi la mafuta na mabomba ya breki. Wale abiria sita na mgonjwa wako wameketi juu yake.

Kama ni ya nyuma iliyoharibika, fungua bolti za pande zote mbili, uitoe kabisa na kuiweka ndani ya gari. Kisha, kwa Land Cruiser, funga habu za mbele, weka lefa kwenye magurudumu manne ya kasi, na gari litavutwa na propela ya mbele. Kwa Land Rover ya 110, funga difu ya kati. Nenda polepole, bila ya kulazimisha gari kwenye mlima au mchanga mzito, hadi mji ulio karibu. Lakini tahadhari kwa wenye Land Rover: handibreki ya gari hilo hushika propela nyuma ya transifa, wala haishiki magurudumu yenyewe. Ukitoa propela ya nyuma, haitayazuia tena magurudumu ya nyuma. Weka mawe kabla ya kufungua bolti ya kwanza, na kila utakaposimama.

Kwa hiyo, msomaji, utakapoondoka tena Lodwar na kuwasikia wale nyuki chini ya kiti, usiongeze sauti ya redio ili uwanyamazishe. Tafuta mahali pa kusimama. Tazama rimu, pima upepo, shika propela, ukumbuke ni lini jambo hili lilianza. Na ukifika kwa fundi akaanza kukuandikia orodha ya spea kabla hajauliza lolote, mwambie kwa heshima: "Fundi, ngoja kwanza. Tuzunguke nalo kidogo, ulisikie." Fundi wa kweli hatachukia. Ataingia ndani, afunge mlango, na kukuomba uendeshe.